Mtoto Huyu Asiachiwe Kulinda Masweta

Sisi wa huku Nyeri tukisikia neno bingwa, akili hutukimbilia miguuni. Wala hatuna kosa. Catherine Ndereba, binti wa Gatunganga katika Nyeri yetu hii, alishinda mbio za Boston Marathon mara nne: 2000, 2001, 2004 na 2005. Mwaka 2001 mjini Chicago alivunja rekodi ya dunia kwa kukimbia saa 2, dakika 18 na sekunde 47. Akawa bingwa wa dunia mwaka 2003 huko Paris, na tena mwaka 2007 huko Osaka. Katika Olimpiki za 2004 na 2008 akarudi na nishani za fedha. Na kabla yake, Kipchoge Keino, ingawa ni mtu wa Nandi, alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo katika chuo cha polisi cha Kiganjo, ambacho kutoka hapa Gatitu si mbali. Mwaka 1968 alitwaa dhahabu ya mita 1,500 kule Mexico.

Mbio hazidai mambo mengi. Barabara ipo, vilima vipo, na hewa ya mlimani ni ya bure. Mtoto akitumwa dukani anaweza kwenda mbio na kurudi mbio, na hapo mazoezi yameshaanza. Labda ndiyo sababu tumezoea kudhani kwamba kipawa kikiwepo kitajitokeza chenyewe, kama mche wa mboga baada ya mvua. Leo nataka tumtazame mwanamichezo ambaye maisha yake yanatufundisha vingine. Hana miguu, na mchezo wake haukimbiwi barabarani. Ni mchezo wa kupiga makasia.

Jina lake ni Asiya Mohammed Sururu, mwenyeji wa Mombasa. Akiwa na umri wa miaka miwili tu aligongwa na gari la moshi, akapoteza miguu yote miwili na baadhi ya vidole vya mikono. Alipokua alishiriki michezo mbalimbali, ikiwemo tenisi ya viti vya magurudumu. Makasia aliyashika akiwa tayari ni mtu mzima. Mwaka 2019 alikwenda Tunis, Tunisia, kwenye mashindano ya Afrika ya kutafuta nafasi ya Olimpiki ya walemavu, na nafasi akaipata. Kisha ugonjwa wa korona ukaingia, michezo ya Tokyo ikaahirishwa kwa mwaka mzima. Hatimaye mwezi wa Agosti 2021 alishuka majini huko Japani, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushindana katika kupiga makasia kwenye Olimpiki ya walemavu. Mwaka 2024 alikwenda tena, safari hii Paris.

Huenda sasa kuna kijana anayeniuliza: je, alileta nishani? Hakuleta. Tokyo dhahabu ya mbio zake ilichukuliwa na Birgit Skarstein wa Norway, na Paris ikaenda kwa Moran Samuel wa Israeli. Hao ni wanawake waliokuwa na miaka mingi ya makasia mikononi. Lakini usifunge ukurasa bado. Ili tujue alichokifanya Asiya, yafaa kwanza tuujue mchezo wenyewe, maana huku kwetu tunaujua kwa picha tu.

Mashua ya mashindano si kama ngalawa ya mvuvi. Ni nyembamba mno, na ile ya mtu mmoja huwa na urefu wa karibu mita 8. Ukiketi vibaya inapinduka. Mpiga makasia huketi akiwa ameupa mgongo mwisho wa mbio, akitazama kule alikotoka. Ana kasia mkono wa kulia na kasia mkono wa kushoto. Kila anapovuta, hulizamisha kasia, hulivuta, hulitoa majini, kisha hulilaza bapa ili lisizuiwe na upepo, halafu huligeuza tena kabla ya kulizamisha. Kazi hiyo ya kugeuza hufanywa na vidole na kifundo cha mkono, mara kwa mara, mpaka mita 2,000 ziishe.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba, kwa mwenye miguu, nguvu nyingi za mchezo huu hutoka miguuni. Kiti chake kina magurudumu madogo na huteleza mbele na nyuma. Mchezaji hukunja magoti, kisha husukuma kwa mapaja kama mtu anayeinua gunia la viazi. Mikono humalizia tu. Sasa, katika daraja la Asiya, mchezaji hatumii miguu wala kiuno. Kiti chake hakiendi popote. Hufungwa mkanda kifuani, na mashua yake huwekewa vielezi pembeni ili isipinduke. Kilichobaki ni mabega na mikono. Mashua yenyewe haiwi nyepesi kwa kumhurumia: uzito wake usipungue kilo 24, wakati ile ya mtu mmoja ya Olimpiki ya kawaida ni kilo 14. Umbali nao ni ule ule. Zamani walemavu walipiga makasia mita 1,000, lakini tangu mwaka 2017 wanakwenda mita 2,000 kama wengine.

Sasa rudi kwa Asiya. Mtu asiye na miguu, ambaye hata vidole vya kugeuzia kasia havikutimia, anavuta mashua hiyo mita 2,000 mbele ya macho ya dunia. Mimi simwonei huruma hata kidogo. Namwona kama ninavyowaona Ndereba na Keino, mtu wa kazi yake.

Lakini kuna tofauti moja kubwa, na hapo ndipo nilipotaka tufike. Ndereba angeweza kuanza mazoezi kwa kufungua mlango wa kwao na kutoka. Asiya hangeweza kuanza bila watu wengine. Ilibidi mtu awe na mashua. Ilibidi mtu afikirie kwamba asiye na miguu anaweza kuketi ndani yake. Ilibidi mtu ashike mashua isiyumbe wakati yeye anatoka kwenye kiti cha magurudumu na kuingia. Ilibidi kocha awepo, na watu wa kuibeba mashua kuirudisha ufukoni. Nguvu ni zake, jasho ni lake, lakini kama hakuna aliyemfungulia njia ya maji, sisi leo tusingelijua jina lake.

Wala si walemavu peke yao. Tazama mabingwa wa mchezo huu popote walipo, utaona mwanzoni mwa hadithi kuna mtu aliyesema, "Njoo ujaribu." Mwingereza Steve Redgrave alizaliwa mwaka 1962 mjini Marlow, kando ya Mto Thames. Shuleni hakuwa hodari wa vitabu, kwani alikuwa na shida ya kusoma na kuandika, ile inayoitwa disleksia. Mwalimu wake wa Kiingereza, ambaye alipenda makasia, ndiye aliyewauliza yeye na wenzake wachache kama wangependa kujaribu mashua. Kijana huyo aliyesumbuka na vitabu akaja kushinda dhahabu katika Olimpiki tano mfululizo: Los Angeles 1984, Seoul 1988, Barcelona 1992, Atlanta 1996 na Sydney 2000. Mwaka 1997 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa kisukari, na wengi wangesema sasa basi. Yeye akajifunza kuishi na dawa ya insulini, akaendelea na mazoezi. Huko Sydney, akiwa na miaka 38, yeye na wenzake watatu waliwashinda Waitaliano kwa chini ya nusu sekunde.

Kama hilo la Uingereza liko mbali, tuje hapa jirani. Uganda ina ziwa kubwa kuliko yote Afrika, lakini kwa miaka mingi haikuwa na mpiga makasia hata mmoja kwenye Olimpiki. Wa kwanza alikuwa Kathleen Noble, aliyezaliwa Kampala mwaka 1994, wazazi wake wakiwa watu wa Ireland. Aliiwakilisha Uganda Tokyo, kisha Paris 2024. Je, makasia aliyashika wapi? Siyo Ziwa Victoria. Ni Marekani, katika Chuo Kikuu cha Princeton, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na mashua na makocha. Kumbe mtu anaweza kukulia karibu na ziwa na asipewe kasia. Maji peke yake hayatoshi.

Kenya nayo tumewahi kupeleka watu. Ibrahim Githaiga alipiga makasia Athens mwaka 2004, na Matthew Lidaywa Mwange akapiga Beijing mwaka 2008. Ukiwauliza wanafunzi kumi wa shule zetu za Nyeri kuhusu majina hayo mawili, sidhani utapata hata mmoja anayeyajua.

Sasa niruhusu, msomaji, nikueleze kwa nini mambo haya yamenikaa moyoni. Hapa Gatitu, karibu na ninapokaa, kuna msichana wa Gredi ya Sita anayetembea kwa magongo mawili. Ni mtoto mcheshi, anayejua kuhesabu kuliko kaka zake, na jioni hupenda kuja kunisaidia kuchambua maharagwe. Siku moja nilimwuliza shuleni wanacheza michezo gani.

"Wengine hucheza mpira wa mikono, Cucu, na wengine hukimbia," akanijibu.

"Na wewe?"

"Mimi hulinda masweta."

Alisema hivyo bila uchungu wowote, kama mtu anayetaja kazi yake. Wenzake wakienda uwanjani huvua masweta, huyarundika penye kivuli, naye huketi kando yake mpaka saa ya michezo iishe. Kwa miaka minne sasa hiyo ndiyo kazi yake. Nilipomgusia mama yake, naye ni mama mwema anayempenda mwanawe, alinijibu, "Wacha tu apumzike, mama. Mungu alishampa mzigo wa kumtosha."

Sikumlaumu. Wala simlaumu mwalimu ambaye ana watoto hamsini na mpira mmoja. Lakini usiku ule sikupata usingizi mapema. Nilijiuliza: kama Asiya naye angepewa masweta alinde, na wote waliomzunguka wakaona wamemtendea wema, nani angejua kuwa ndani ya mabega yale kuna mita 2,000? Hata yeye mwenyewe asingejua. Hilo ndilo linalonitisha. Mtoto akikatazwa jambo anaweza kulia, akabishana, akalipigania. Lakini akihurumiwa kila siku kwa sauti tamu, hujifunza polepole kwamba mahali pake ni kivulini, na mwisho anapazoea.

Najua wazazi wana hofu zao, na si hofu za bure. Tuzitazame moja moja.

Ya kwanza ni hofu ya kuumia. Mtoto ambaye tayari ana ulemavu akianguka je? Ndiyo, anaweza kuanguka. Hata kaka yake anayecheza kandanda huanguka, akapakwa dawa na kesho yake akarudi uwanjani. Kitu cha kuuliza si kama kuna hatari, bali hatari hiyo imepunguzwa namna gani. Asiya hufungwa mkanda, na mashua yake ina vielezi. Kwa kila mchezo kuna njia yake ya kumlinda mchezaji.

Ya pili ni hofu ya kuchekwa. Hii nadhani ni hofu ya mzazi zaidi kuliko ya mtoto. Watoto hucheka kitu kigeni kwa siku mbili, ya tatu wanataka kukijaribu wao. Wape watoto wenye miguu mizima mchezo wa kukaa chini, uone jinsi watakavyohangaika huku yule wa magongo akiwaonyesha mbinu.

Ya tatu ni masomo. Mzazi wa mjini hasa hufikiri kwamba mtoto mwenye ulemavu hana budi kushikilia kitabu tu, kwa kuwa kitabu ndicho mguu wake. Ni kweli kitabu ni muhimu. Lakini mwili unaoketi siku nzima huchoka kuliko unaotoka jasho. Na mtoto anayetembelea magongo au kusukuma kiti anahitaji mabega yenye nguvu ili aishi maisha yake ya kila siku. Mchezo kwake ni tiba vilevile.

Ya nne ni gharama, na hii siipuuzi. Mashua ya mashindano haimo katika uwezo wa mtu wa mshahara, na hapa mlimani hatuna hata pa kuiweka. Mito yetu ya Chania na Sagana inashuka kwa kasi na ina mawe. Kwa hiyo sisemi kila mtoto akimbilie makasia. Nasema kila mtoto apewe kitu.

Kipo cha kuanzia. Voliboli ya kuketi ni mchezo wa Olimpiki ya walemavu. Inachezwa chini, kwenye nafasi ndogo, na wavu wake kwa wanawake huwa mita 1.05 tu kutoka ardhini. Kamba, vijiti viwili na mpira vinatosha kuanzia, na wenye miguu mizima wanaweza kucheza pamoja na wasio nayo. Kurusha tufe na kurusha mkuki kwa kuketi nako ni michezo inayotambuliwa duniani. Na kama familia yako iko Nairobi, Mombasa au mji wowote wenye bwawa, mfundishe mtoto kuogelea chini ya mwalimu anayejua kazi yake. Hata anayeota makasia, kuogelea ndiko kunakotangulia, na jaketi la kuokolea maisha halivuliwi mpaka kocha aseme.

Shuleni nako, mzazi ukienda kumwona mwalimu, badili swali. Tumezoea kusema, "Mwalimu, naomba mwanangu asamehewe michezo." Sema badala yake, "Mwalimu, saa ya michezo mwanangu atafanya nini?" Hakuna mwalimu mwema atakayejibu kwamba atalinda masweta. Mtafikiri pamoja, na jibu litapatikana. Kama hujamwandikisha mtoto wako katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, fanya hivyo, kwa sababu huko ndiko unakoweza kuuliza juu ya vifaa na misaada. Na ujue husimami kuomba hisani. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inasema wazi kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima na kufikia shule na huduma zinazomchukua pamoja na wengine.

Nanyi wanafunzi, msidhani mambo haya ni ya wazazi na walimu peke yao. Nimesema Asiya alihitaji watu wa kushika mashua isiyumbe. Watu hao hawapewi nishani wala hawaimbiwi wimbo wa taifa, lakini bila wao hakuna mbio. Katika darasa lako kuna mtu anayehitaji mashua yake ishikwe. Kapteni wa timu anaweza kumwita awe mwamuzi, au mpigaji wa mpira wa kuketi, au mhesabu wa alama. Si kwa kumhurumia. Mwite kwa sababu timu inamhitaji. Mkikosea mwanzo, mtarekebisha.

Huyu msichana wa jirani nimemwonyesha picha ya Asiya akiwa ndani ya mashua yake. Aliitazama muda mrefu. Hakuniuliza habari ya miguu. Aliniuliza, "Cucu, akifika mwisho anageukaje?" Hilo ni swali la mchezaji. Nimemwambia kwamba hilo nitaliuliza kwa wanaojua, na wiki hii nitafuatana na mama yake kwenda kumwona mwalimu. Mpira mmoja na kamba tumeshavipata.

Wewe nawe, leo mkimaliza chakula cha mchana, hebu muulize mtoto wako yule anayeachwa nyuma hufanya nini saa ya michezo. Msikilize mpaka mwisho kabla hujamjibu. Jumapili njema, na Mungu akipenda tutakutana wiki ijayo.